Mzee Asihamishwe

Mama aliacha vyungu ishirini na vitatu vya mimea, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chungu kweli. Kulikuwa na ndoo za rangi, makopo ya maziwa ya unga, sufuria iliyotoboka kitako, birika lisilo na mkono, na beseni la bati tulilokogeshewa mimi na kaka yangu tulipokuwa wachanga. Vyote vilijazana kwenye roshani yetu ya ghorofa ya tatu, isipokuwa ndoo moja ya bluu iliyokaa ndani, pembeni mwa sebule, karibu na kiti cha Baba. Waliokuja kutupa pole walisimama kwenye mlango wa roshani, wakatikisa kichwa, wakasema, "Marehemu alipenda maua." Kisha wakaaga. Hakuna aliyesema, "Nipe hata kopo moja nikupunguzie."

Nilibaki nayo mimi. Mimi ndiye kitindamimba, na nyumbani wananiita Kitinda hadi leo ingawa mvi zimeshaanza. Kaka yangu, ambaye gereji nzima inamwita Breki kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, ana mke, watoto na nyumba upande wa pili wa mji. Mimi nina chumba changu cha tangu utotoni na kazi katika duka la fotokopi. Kwa hiyo mimea ikawa yangu, na Baba akawa wangu.

Sikujua lolote kuhusu mimea. Nilidhani mmea ukinyauka unataka maji, basi nikaupa maji. Ukinyauka zaidi, nikauzidishia. Wiki ya pili baada ya mazishi waridi lilikuwa limebaki vijiti, asumini imegeuka manjano, na jirani wa chini alikuwa amepanda ngazi mara tatu kuniambia kwamba matone yanaangukia shuka zake alizoanika.

"Dada, nilikupa pole ya msiba," alisema mara ya tatu, "lakini shuka hizi nimezifua mara mbili leo. Sasa na wewe nipe pole."

Nikampa pole.

Baba alikuwa fundi saa. Maisha yake yote aliketi kibandani, kioo jichoni, akihangaika na vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Mikono ilipoanza kutetemeka alifunga kibanda, akahamishia kukaa kwake nyumbani. Magoti yakafuata. Kutoka mlangoni petu hadi barabarani kuna ngazi hamsini na nne, na tangu siku ya mazishi hakuwa ameshuka hata moja. Daktari alinieleza wazi, tena mbele yake: mzee huyu lazima atembee kila siku, mahali tambarare. Akiendelea kukaa huko juu, kabla mwaka haujaisha miguu itakuwa imesahau kazi yake, na hapo hakuna dawa. Breki akasafisha chumba cha mbele cha nyumba yake, cha chini kabisa, chenye mlango unaofungukia barabara isiyo na kilima. Akaweka kitanda. Kilichobaki ni Baba kusema ndiyo.

"Baba, Breki anauliza. Utakwenda?"

"Hm."

"Hm ya ndiyo au hm ya hapana?"

"Hm tu."

Hivyo ndivyo alivyo. Mama ndiye aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wote wawili. Kila asubuhi, nikiwa chumbani navaa niende kazini, nilimsikia sebuleni: "Mzee, umeamkaje? Leo unang'aa." Na sikushangaa kutosikia jibu.

Sasa niseme habari za Shangazi. Shangazi ni dada yake Baba. Alikuja mazishini na mfuko wa nguo za siku mbili, na ilipofika wiki ya tatu ule mfuko ulikuwa umezaa mingine miwili. Ni mama mwenye moyo, sikatai. Alipika, alifagia, alipokea wageni. Lakini Shangazi akiingia chumbani, wewe mwenyewe unajikuta umesogea ukutani kumpisha hewa.

Yeye ndiye aliyeiona ile karatasi. Ilikuwa chini ya kopo la sukari, mahali Mama alipozoea kuweka kila alichotaka tukione: risiti, namba za simu, orodha ya sokoni. Mama aliingia hospitali siku ya Jumanne akisema Jumatatu atakuwa amerudi. Hakurudi. Na kwa wiki tatu hakuna aliyeinua kopo la sukari, kwa kuwa Shangazi alikuwa na sukari yake.

Alitukusanya sebuleni. Breki alikuwa amepita na mikono yake ya grisi, Baba kitini, mimi mlangoni. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari:

"Mzee. Asihamishwe. Nilimhamisha mara moja tu, akadhoofu miezi mitatu. Hapo alipo pembeni panamtosha. Maji apewe asubuhi, kidogo kidogo. Jioni asipewe kabisa. Kila Alhamisi ageuzwe, asije akapinda upande mmoja. Afutwe kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, taratibu, mbele na nyuma. Akidondosha asifokewe. Ni baridi tu, au ana huzuni. Ataacha mwenyewe."

Karatasi ilikuwa imejaa mpaka chini. Mwandiko ulikuwa wa Mama, zile herufi zake zilizoinama kama watu wanaotembea kwenye upepo. Breki alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye neno moja: akidondosha asifokewe. Kwa sababu siku tano kabla ya hapo Baba alidondosha kikombe cha Mama, kile chenye mistari ya kijani, kikavunjika vipande vipande, na mimi nikamfokea. Nilimfokea vibaya. Nilimwambia, "Hata hiki, Baba? Hata hiki?" Naye akainama kuokota vigae kwa mikono ile inayotetemeka, na sikumsaidia.

Nikaona Mama amenijua kabla sijatenda.

"Basi," Shangazi akasema, akakunja miwani. "Marehemu amesema. Habari ya kuhama imekwisha."

"Lakini daktari..." Breki akaanza.

"Daktari aliishi naye miaka arobaini?"

Nani angebishana? Baba alikuwa akitazama ile karatasi kama mtu anayetazama saa aliyowahi kuitengeneza yeye mwenyewe. Hakusema hata hm.

Kesho yake Shangazi alinipa karatasi niende nayo kazini. "Si ndiyo kazi yako? Toa nakala za kutosha. Kila mtu wa ukoo awe na yake, asije mtu akasema hakujua." Nikatoa kumi na mbili. Ya nne ilipokuwa inatoka, bado ina joto, nikalia juu ya mashine. Kulikuwa na mteja anasubiri vyeti vyake.

"Dada, imekula karatasi?"

"Hapana. Ni ule mwanga wake, umenipiga jicho."

Baada ya hapo nyumba yetu iliendeshwa kwa maandishi.

Chai ya jioni ya Baba ikafutwa. Nikauliza dawa ya jioni atamezea nini. "Ndizi," Shangazi akajibu, na Baba akameza dawa kwa ndizi. Kila asubuhi alifutwa kwa kitambaa laini, mbele na nyuma, akiinua mkono huu kisha huu kama mtu anayepimwa shati. Na Alhamisi Shangazi alishika kiti cha Baba kwa nyuma, mimi nikashika mbele, tukakigeuza. Wiki ya kwanza kilitazama jikoni. Wiki ya pili kilitazama mlango wa chumba changu. Wiki ya tatu kikatazama ukuta, pale palipoangikwa kalenda, na Baba akakaa siku saba anasoma tarehe.

"Shangazi, kweli Mama alimaanisha hivi?"

"Si imeandikwa asije akapinda? Hebu mtazame alivyonyooka."

Alikuwa amenyooka, ndiyo. Kama gogo. Kutoka kitini hadi msalani ni hatua kumi na moja. Wiki ya kwanza alizipiga mwenyewe. Wiki ya pili alishika ukuta. Wiki ya tatu aliita, "Kitinda," kwa sauti ndogo, nami nikaacha sahani nikaenda kumpa bega. Nilikuwa nikihesabu zile hatua pamoja naye, na nikipita karibu na kopo la sukari nasema kimoyomoyo, Mama, ungeandika jingine. Mama, hili hukulifikiria vizuri.

Na mimea ilikuwa inakufa. Hiyo nayo. Jumapili moja nilichoka kuona vile vijiti vya waridi, nikasema labda inataka samadi. Mama aliweka samadi ndani ya mfuko mkubwa nyuma ya mlango wa roshani. Nikaingiza mkono, nikagusa kitu kigumu kilichofungwa kwenye nailoni. Kilikuwa daftari la shule, la kurasa arobaini na nane, lililong'oka pini zake za katikati, kurasa zimelala huru.

Nikaketi juu ya ndoo nikafungua.

"MGONJWA. Yuko kwenye sufuria. Kila mwaka anajifanya anakufa. Asipewe maji mengi, ndiyo anachotaka ili aoze."

Nikalitazama waridi. Lilikuwa kwenye sufuria.

"BI HARUSI. Anataka jua la asubuhi tu. La mchana linamharibu sura." Asumini, kwenye birika. "MAPACHA. Wasitenganishwe, watanuna." "MKWE. Asiguswe. Anachoma hata ukimsalimia." Huyo alikuwa mpungate, mwenye miiba, kwenye kopo lake peke yake.

Nikapekua. Karatasi ya MZEE haikuwepo, bila shaka. Ilikuwa imechomoka, au Mama aliitanguliza chini ya kopo la sukari, siku ile ya Jumanne, akijua ndiye nitakayemsahau kwa kuwa yuko ndani. Lakini maelezo yake yaliendelea kwenye karatasi iliyofuata, juu kabisa: "Akikatwa hutoa maziwa meupe. Yasiingie machoni. Ndoo isibadilishwe mpaka mizizi itokeze chini."

Niliingia sebuleni polepole. Pembeni, karibu na kiti cha Baba, kulikuwa na ile ndoo ya bluu na mti wake wa mpira, wenye majani mapana mazito. Ulikuwa umepinda wote kuelekea mlango wa roshani kama mtu anayechungulia barabara. Majani yalikuwa na vumbi la kuandikia jina. Manne yalikuwa chini. Wiki tatu tulimgeuza Baba, tukamfuta Baba, na Mzee mwenyewe anatutazama.

Nilitaka kucheka. Badala yake nilipatwa na hasira, tena nyingi. Kwa hiyo lile neno halikuwa la kikombe. Lilikuwa la majani! Nimelia juu ya mashine kwa ajili ya majani! Mama hakunijua kabla sijatenda, hakunionya, hakumtetea Baba. Aliandika habari za ndoo. Nilirudisha lile daftari kwenye samadi, nikanawa mikono, na sikumwambia mtu.

Nilinyamaza siku nne, na sababu nyingine ilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na moja. Nikitaka kuwaonyesha kwamba Mzee ni mti, lazima niwaonyeshe daftari. Na nikiwaonyesha daftari, Shangazi atafika ukurasa wa kumi na moja. Nikalichukua kazini, nikaibana ile karatasi na ya jirani yake kwa stepla, pini nne, kila kona. Nikarudi nalo. Bado sikusema.

Alhamisi ikafika. Shangazi akashika kiti. "Inuka kidogo, kaka yangu, tukugeuze." Baba akaweka mikono kwenye viegemeo, akasukuma. Hakuinuka. Akasukuma tena. Nikaona mshipa wa shingo umesimama, na uso wake, ambao hauonyeshi kitu kamwe, ukaonyesha mshangao, kama mtu aliyetia mkono mfukoni na kukuta mfuko umetoboka. Tulimwinua wawili. Kiti hatukukigeuza tena.

Jioni ile nilimpigia Breki. "Jumamosi njoo. Na gari."

"Na neno la Mama je?"

"Wewe njoo na gari."

Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa amejiandaa. Alisimama katikati ya sebule na nakala yangu mwenyewe mkononi, ile iliyofifia, iliyotoka mashine ikiishiwa wino.

"Breki, mwanangu, kama umekuja kunywa chai, karibu. Kama umekuja kumbeba kaka yangu, soma kwanza hapa."

"Shangazi, hiyo siyo habari ya Baba," nikasema.

"Siyo ya Baba yako, ya nani? Kuna Mzee mwingine humu?"

Nikaonyesha kwa kidole. Wote wakatazama pembeni. Breki akatazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama tena ndoo.

"Huyo?"

"Huyo."

"Kitinda," Shangazi akasema kwa upole wa kutisha, "msiba umekuchosha. Huo ni mti. Mti unaandikiwa 'ugeuzwe'. 'Usihamishwe.' 'Ufutwe.' Hapa pameandikwa nini? 'Ageuzwe.' 'Asihamishwe.' Wifi yangu alisoma shule, hawezi kukosea mtu na mti."

"Hakukosea. Ndivyo alivyokuwa akiwaita. Wote." Nikalitoa daftari. Lilinuka samadi. Nikamsomea Mgonjwa, nikamwonyesha sufuria. Nikamsomea Mapacha, nikamwonyesha makopo mawili yaliyofungwa pamoja kwa kamba. Nikamsomea yale ya maziwa meupe. "Baba ukimkata anatoa maziwa, Shangazi?"

Breki akaketi kwenye mkono wa kochi. "Herufi moja," akasema. "Herufi moja tu, na mzee wa watu anatazama kalenda wiki nzima."

"Lete hilo daftari."

"Nimeshakusomea..."

"Lete, nimesema."

Alivaa miwani. Alianza mwanzo, akisonga taratibu, akilamba kidole kila ukurasa. Nikamwona anakaribia. Nikamwona anafika. Akashika zile kurasa mbili, akazipapasa.

"Hii mbona umeibana?"

"Imechanika, Shangazi."

"Imechanika, kisha ikapigwa pini nne?"

Akaingiza ukucha. Pini ya kwanza ikaruka, ya pili, ya tatu. Jamani, zile pini tunaziuza kwa kusifia kwamba hazing'oki. Akafungua, akasoma kwa sauti, maana Shangazi hajui kusoma kimyakimya:

"SHANGAZI. Awe peke yake kwenye beseni lake. Akiachiwa nafasi atawafunika wenzake wote na kuwanyima hewa. Hata akikatwa leo, kesho yupo."

Nilisikia jirani wa chini akikung'uta shuka.

"Ni mnanaa," nikasema. "Ule wa kwenye beseni."

"Najua ni mnanaa," Shangazi akasema. "Nina macho." Lakini alikuwa hajaondoa macho kwenye karatasi, na sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imemwisha. Akamalizia kwa kunong'ona: "Ila kumkosa sitaki. Harufu yake ndiyo inayonitoa kitandani. Nyumba bila yeye imepoa."

Akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Na hapo Baba akacheka. Kilianza kama kikohozi, mabega yakatikisika, nikakimbilia kumpa maji, nikakumbuka kwamba anaruhusiwa. Alikuwa anacheka kweli. Sikuwa nimemsikia tangu Mama alipoingia hospitali.

"Miaka yote ile," akamwambia Shangazi, "kila ukiondoka hapa, alikuwa anakwenda kupunguza ule mnanaa."

"Kaka! Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua mnanaa unaitwa Shangazi?" Breki akauliza.

"Nilijua yote." Akaelekeza kidevu kwenye ndoo ya bluu. "Huyo alikuja mwaka tuliooana. Mama yenu alikuwa anamsalimia yeye kwanza, halafu mimi."

Nikamgeukia. "Baba. Wiki tatu unafutwa kwa kitambaa. Umemeza dawa kwa ndizi. Umetazamishwa ukuta. Na miguu inakwisha. Na ulijua ni ndoo?"

"Hm."

"Usiniletee hm! Leo sema!"

Nilikuwa nimemfokea tena. Shangazi akanitazama, lakini hakunionya. Labda na yeye alikuwa anataka kusikia.

Baba akatazama mikono yake. Alichukua muda, kama zamani alivyochukua muda na saa isiyoonyesha tatizo lake.

"Miaka arobaini mama yako ananiamuru," akasema. "Kaa hapa. Vaa hiki. Usinywe hicho. Nikawa nimezoea. Halafu siku moja nyumba ikanyamaza, nikawa sijui hata nikae wapi. Shangazi yako akasoma ile karatasi. Nikasema, kumbe hajamaliza na mimi." Akatazama ndoo. "Nilijua ni ya ndoo. Nikaona si kitu, acha tu niwe ndoo."

Breki alitoka kwenda roshani, akasema anaangalia gari kama halijazibiwa njia. Gari lilikuwa upande mwingine wa jengo.

Mimi nilipiga magoti mbele ya kile kiti kinachotazama kalenda. "Baba, kile kikombe."

"Kikombe gani?"

"Unakijua."

"Lile neno nililichukua," akasema. "Hata kama ni la majani. Na wewe lichukue."

Kisha akaweka mikono kwenye viegemeo. "Mzee asihamishwe," akasema. "Huyo pale. Mmemwacha amepinda, hamwoni? Mimi nihamisheni."

Kushuka ngazi hamsini na nne kulituchukua karibu saa nzima. Breki mbele, akishuka kinyumenyume kama anaegesha lori, mimi nimemshika kwapani, Baba akihesabu kila ngazi kwa sauti, na tukifika ngazi zinapogeukia anapumzika, anaanza tena kwa namba sahihi. Kwenye ghorofa iliyo chini yetu jirani alifungua mlango, shuka begani. "Mzee, ndiyo unatuacha?" "Nawapunguzia matone," Baba akajibu. Maneno mawili kwa jirani! Nilikaribia kumwachia.

Nyuma yetu alikuja Shangazi na mifuko yake mitatu, na juu ya mifuko beseni la bati, mnanaa umemfika puani.

"Shangazi, huo mnanaa wa nini?" Breki akauliza. "Nitakuja kuuchukua siku nyingine."

"Siwezi kumwacha mwenzangu," akasema. "Na wewe tazama unapokanyaga, usimwangushe kaka yangu."

Kwa hiyo amehamia kwa Breki naye. Breki hanisamehe hilo hadi leo.

Mimi niko hapa na vyungu ishirini na viwili. Waridi lilikuwa linajifanya, kama Mama alivyosema. Nililinyima maji, likatoa jani. Asumini imekufa, hiyo niliiua mimi. Nakala moja ya ile karatasi nimeibandika juu ya sinki, nikiosha vyombo naiona: akidondosha asifokewe. Sina wa kumfokea sasa, lakini naisoma.

Na kila Alhamisi, nikiwa katikati ya kazi, foleni ya wateja imefika mlangoni, karatasi imekwama kwenye mashine, simu inalia.

"Umemgeuza?"

"Baba, niko kazini."

"Umemgeuza au hukumgeuza?"

"Nimemgeuza asubuhi."

"Upande gani?"

"Upande ule mwingine, Baba! Ana pande ngapi?"

"Usimzungushe sana. Robo tu. Vumbi?"

"Nimemfuta. Mbele na nyuma." Wateja wananitazama. "Wewe umetembea?"

"Mpaka kwa muuza magazeti. Nikarudi."

"Vizuri."

Nasikia Shangazi kwa mbali akimwambia mtu asogee. Najua Baba hajakata, kwa sababu nasikia anavyopumua, na mteja wa mbele anagonga kaunta kwa kidole, na mimi nashindwa kusema kwaheri kwanza.

"Kitinda."

"Naam, Baba."

"Na mimi leo nimegeuza kiti," anasema. "Kinatazama nje."

Kisha anakata, bila kuaga, kama kawaida yake.